Mzigo si Sifa

Pita leo katika maduka ya picha ya Mji Mkongwe, tangu Shangani hata Hurumzi, uwatazame wanawake waliotundikwa ukutani. Wengi wao ni mmoja: amempa mtazamaji mgongo, ndoo kichwani, mtoto mbelekoni, na jua linakuchwa. Ukiuliza, utajibiwa kwamba hiyo ndiyo nguvu ya mwanamke wa pwani, huo ndio ustahamilivu wake.

Mimi nakataa. Kilichochorwa pale ni mzigo, na mzigo si sifa ya aliyetwishwa. Anayeusifu ustahamilivu wa mwenziwe bila ya kuuliza ni nani aliyemtwika, amekwisha kuridhia mzigo ule ubaki palepale. Mvumilivu hula mbivu, twaambiwa; basi na tuonyeshwe, japo kwa picha moja, mama huyu anapozila.

Tazama tena kanga aliyovishwa. Kanga ina pindo, ina mji, ina jina. Na kwa jina hilo mwanamke wa kwetu husema asiyoweza kuyasema kwa ulimi. Katika picha hizi rangi zimo, jina halimo. Mchoraji amemnyang'anya uso, kisha akamnyang'anya na neno.

Wasiniambie kwamba ndivyo maisha yalivyo. Waende Paje na Jambiani maji yakipwa. Kilimo cha mwani kilichoanza huko mwaka 1989 kimo zaidi mikononi mwa wanawake. Bahari ilipozidi joto na mwani mnene ukawa unaoza, wapo waliohamia maji marefu, wapo waliojifunza kutengeneza sabuni ya mwani, na wapo wanaobishana na mnunuzi juu ya bei. Kufikiri na kubishana nako ni nguvu, na nguvu hiyo ina uso.

Wala si kwamba haichoriki. Lubaina Himid, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1954 na kutwaa Tuzo ya Turner huko Uingereza mwaka 2017, alichora mwaka 2019 picha aliyoiita Three Architects: wanawake watatu, wasanifu wa majengo, wako chumbani pamoja na mifano ya majengo yao, wanashauriana, na bahari iko nje. Ndoo haimo, wala huruma haimo.

Najua mgeni hununua mgongo na machweo, na mchoraji ana watoto wa kulisha. Na auze. Ila siku atakayotaka kumsifu mwanamke kwa haki, amgeuze kwanza, amtazame usoni, na aliandike jina la kanga yake.