Maji ya Tukuyu hayafiki 100

Wadau, leo nina hoja ya fizikia, ila msikimbie. Tangu shule ya msingi tunaimba kwamba maji huchemka kwenye nyuzi joto 100. Kweli kabisa, ukiwa Dar au Tanga, usawa wa bahari. Hapa Tukuyu, zaidi ya mita 1,500 juu, yanachemka kwenye kama 95. Shuka Kyela karibu na Ziwa Nyasa, utapata kama 98. Na maji ni yale yale!

Sababu ni hewa. Maji huchemka pale nguvu ya mvuke wake inapolingana na kanieneo ya hewa inayoyakandamiza. Huku juu hewa inakandamiza kidogo, basi mvuke unashinda mapema. Ndiyo maana maharage ya gunia moja yanachelewa kuiva Tukuyu kuliko Kyela. Sufuria linatokota kwa fujo lakini joto limegota pale pale, ukiongeza kuni unamaliza kuni tu (labda uwe na sufuria la presha).

Sasa kinachoniudhi. Nilipokuwa fildi kwenye shule moja ya huku, mwanafunzi alipima kwa kipimajoto akapata 95, akaandika 95. Akapigwa kosa! Eti kitabu kinasema 100. Jamani, yule ndiye pekee aliyefanya sayansi siku ile, wenzake walikariri desa. Na vitabu vizuri havijakosea, vinaweka sharti: kwenye kanieneo ya kawaida. Sharti hilo tunalikata sisi walimu ili wimbo uwe mfupi.

Kwani ya Erasto Mpemba tumesahau? Mwaka 1963, akiwa Magamba sekondari, aliona maziwa ya moto ya aiskrimu yakiganda kabla ya yaliyopoa. Mwalimu akamwambia amechanganyikiwa. Baadaye akiwa Mkwawa, Iringa, akamuuliza Denis Osborne wa chuo kikuu Dar, naye akaenda kupima badala ya kucheka. 1969 wakachapisha. Mpaka leo watu wanabishana, wapo waliorudia na mwaka 2016 wakasema hawakuona kitu. Mimi naona swali ni masharti gani: chombo gani, maji gani, friji gani. Anayesema inatokea siku zote na anayesema haiwezekani wote wamelikata sharti.

Pendekezo langu: mtihani uulize maji yanachemka kwenye nyuzi ngapi hapo shuleni kwako, na kwa nini. Mtoto wa Tukuyu na wa Bagamoyo waandike namba tofauti, wote wapate vema. Kusahihisha kutatutoa jasho, najua.