Maabara ya fizikia isiwe ya kusaka alama pekee

WAZAZI wanaogharamia masomo ya fizikia katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Masinde Muliro mjini Kakamega, sawa na wenzao kwingineko nchini, wana swali moja: Shahada hii itampa mtoto kazi gani?

Jibu limo katika maabara kuliko katika ukumbi wa mihadhara. Chuo hicho, kilichopata hadhi kamili mwaka 2007, chimbuko lake ni taasisi ya ufundi iliyoasisiwa kwa harambee miaka ya 1970. Wananchi walichanga ili vijana wapate ujuzi, si vyeti tu.

Tatizo huanzia shule ya upili. Katika karatasi ya tatu ya fizikia ya KCSE, mtahiniwa hufuata maelekezo hatua kwa hatua, akajaza jedwali na kuchora grafu. Mtindo huo ukiendelea chuoni, mwanafunzi huzoea kusaka jibu lililomo kitabuni. Akipima mvutano wa dunia kwa pendulamu na kupata 9.2 badala ya 9.8, hushawishika kuzirekebisha takwimu badala ya kuuliza kosa limetoka wapi. Je, ni saa, uzi au mkono wake?

Kazini, swali hilo ndilo linalomletea mtu mshahara. Anayekagua mizani na pampu za petroli, anayepima mionzi ya kutibu saratani au anayechunguza miamba yenye dhahabu ya Kakamega hana kitabu chenye jibu. Anachohitajika kujua ni kiwango cha kuaminika kwa kipimo chake.

Mwaka 2018, watafiti Natasha Holmes na Carl Wieman, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya 2001, walieleza kwamba katika kozi walizochunguza Marekani, maabara zilizokusudiwa kukariri ya darasani hazikuwaongezea wanafunzi alama katika mitihani.

Ni kweli kwamba vifaa ni ghali. Hata hivyo, uzi na jiwe vinatosha iwapo mhadhiri atatuza maelezo ya kosa kuliko jibu sahihi, na kumwachia mwanafunzi abuni jaribio lake.

Isitoshe, baadhi ya wahitimu hawa watakuwa walimu. Wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 waliingia shule za upili Januari 2026, wengine wakichagua mkondo wa sayansi. Mwalimu aliyefunzwa kunakili majibu atawafunza nini hao, ila kunakili?