Black Panther: Tuhukumu Filme kwa Haki



Tangu muhula huu uanze, mabishano yamejaa katika shule yetu, yamefika hata kwenye foleni ya maji. Ni juu ya filme za wale watu wenye nguvu za ajabu, na zaidi ile ya Black Panther iliyotoka mwaka 2018, ambayo wengi wetu tuliiona katika nyumba za video za Baraka. Upande mmoja unasema: ile filme ni ya bure, haikufuata kitabu. Upande wa pili unajibu: filme imekishinda kitabu mbali. Basi tukawauliza wote wa pande mbili: hicho kitabu mlikisoma wapi? Kimya. Kati ya wale waliopaza sauti zaidi hakuna hata mmoja aliyekigusa.

Sisi wa gazeti hili tuliona haifai. Nikodemo aliwauliza wakubwa wenzake kama sheria yao inamhukumu mtu mbele ya kumsikiliza, na swali lile linafaa kwa vitabu pia. Tukatafuta kurasa zenyewe. Tulizipata kwa Kifaransa katika simu ya ndugu mmoja wa Uvira, zile za 1966 na zile za 1973, tukazisoma kwa zamu mpaka chaji ikaisha, kesho yake tukaendelea.

Hadithi yenyewe ilizaliwa New York. Mwaka 1966, Stan Lee mwandishi na Jack Kirby mchoraji waliweka katika namba 52 ya gazeti la picha la Fantastic Four mfalme mmoja wa Afrika, jina lake T'Challa, anayevaa mavazi ya chui mweusi. Inchi yake inaitwa Wakanda, na ndani ya ardhi yake kuna madini yanayoitwa vibranium, ambayo dunia nzima ingeyataka kama ingejua. (Mtoto yeyote wa hapa angewaambia wale wazee kwamba wa- ni watu na u- ni inchi. Waganda wanakaa Uganda. Wakanda basi wangekaa Ukanda! Lakini tusiwakamate kwa hilo, hawakufundishwa Kiswahili.)

Mbele ya kuingia katika maneno yenyewe, kuna jambo moja linalosahauliwa sana. Hapa Baraka filme tunazoziona nyingi zimevuka ziwa kutoka upande wa Tanzania, zikiwa na sauti ya mtafsiri juu yake. Kazi hiyo ni kubwa, na marehemu Lufufu aliipatia heshima huko Tanzania. Lakini mtafsiri hafasiri tu. Anaongeza mizaha, anawapa watu majina yake, anatabiri atakayekufa. Rafiki mmoja wa tano alituambia kwamba filme ile ni mbaya juu ya mfalme anasema kama konda wa basi. Ndugu, huyo aliyesema si mfalme! Mfalme wa kweli ni Chadwick Boseman, aliyefariki mwaka 2020, na mwenye kuongoza filme ni Ryan Coogler. Katika filme yenyewe watu wa Wakanda wakiwa peke yao wanatumia mara nyingine Kixhosa, lugha ya Afrika ya Kusini, kwa sababu mzee John Kani, anayecheza baba wa mfalme, ni mtu wa lugha ile na aliileta katika filme iliyotangulia ya 2016. Sisi hatukusikia hata neno moja la Kixhosa, mtafsiri alikuwa anacheka juu yake. Kwa hiyo kuna kazi tatu: ya mchoraji, ya mwenye filme, ya mtafsiri. Kila mmoja abebe kosa lake mwenyewe.

Sasa, wale wanaosema "haikufuata kitabu" wanahesabu. Hapa wamebadili, pale wameondoa, pale wameongeza, basi filme imeanguka. Sisi tunasema kuhesabu si kuhukumu. Tazameni filme ya Yesu ya mwaka 1979, ambayo wamisionari na makanisa wameizungusha duniani kote. Ile ilifuata Injili ya Luka, kitabu tunachokijua vizuri. Luka ana sura 24 na filme ni ya saa mbili hivi. Tumewahi kuona mzee wa kanisa akisimama na kulalamika kwamba aya fulani haipo? Hapana. Na mtu akiwatafuta ndani yake mamajusi, tunamwambia: ndugu, hao wako katika Matayo. Tunajua kitabu, ndiyo maana tunaihukumu kwa utulivu. Tunauliza kama jambo lenyewe limebaki ama limeharibika. Juu ya nini tusifanye vile kwa Chui Mweusi?

Tuanze na M'Baku, yule mkubwa wa watu wa milimani. Katika gazeti la picha la mwaka 1969 yeye ni adui tu, anavaa ngozi ya sokwe mweupe, na jina walilompa kwa Kiingereza maana yake ni mtu-nyani. Mtu mweusi, mtu-nyani! Sasa wale wanaotaka filme ifuate kitabu neno kwa neno watujibu: walitaka tuketi katika nyumba ya video na kulisikia jina lile, mbele ya wadogo zetu? Coogler aliacha jina lile kabisa. M'Baku wa filme ana kabila lake, ana heshima yake, anajua kuchekesha, na mwishoni ni yeye anayekuja na watu wake kuokoa vita. Pale kuliacha kitabu kulikuwa ni haki. Hapo hatubishani na mtu.

Killmonger ni jambo la kupimwa polepole. Don McGregor alimwandika mwaka 1973, katika hadithi iliyoendelea namba kwa namba karibu miaka miwili. Katika kitabu, yeye ni mtu wa Wakanda ambaye baba yake alilazimishwa kumtumikia mwizi wa kizungu, kisha jamaa yake ikafukuzwa. Filme imebadili: Killmonger ni mtoto wa ndugu ya mfalme, na baba yake aliuawa na mfalme mwenyewe, huko Oakland, Marekani, mwaka 1992, na mtoto akaachwa pale peke yake. Ni badiliko kubwa sana. Lakini limeitia hadithi uzito, kwa sababu sasa kosa limo ndani ya nyumba ya mfalme, na T'Challa hawezi kumtazama adui wake bila kuwaza baba yake. Tena filme haikudharau kitabu: mahali ambapo Killmonger anamshinda mfalme na kumtupa chini ya maporomoko ya maji, pametoka katika zile kurasa za 1973. Kilichopotea ni muda tu. Katika kitabu mfalme aliyeumizwa anatembea, anaanguka, anaamka, na watu wake wanamuuliza juu ya nini aliwaacha akaenda kukaa Amerika. Filme ina dakika 134, mara amefufuka, mara anapigana.

Juu ya Shuri tulitofautiana hata sisi wenyewe. T'Challa wa 1966 ndiye fundi na mwenye akili ya mashine, amejenga hata pori la vyuma. Shuri aliingia katika kitabu mwaka 2005 tu, na filme imempa yeye maabara yote. Wavulana wawili wa kamati yetu walisema mfalme amenyang'anywa akili akaachiwa misuli. Wasichana walisema, hewala, afadhali mara moja tumeona msichana mwenye maabara. Walishinda kwa kura.

Lakini sasa tunafika pale ambapo sisi tunaishitaki filme, na tunaomba waalimu wa historia watusikilize.

Katika kitabu cha 1966, namba 53, mambo ni wazi. Mzungu mmoja, Klaw, anakuja na watu wake wenye silaha kuchukua madini. Baba wa T'Challa anakataa. Wanamuua. Mtoto anaona kwa macho yake. Ndiyo asili ya Chui Mweusi yote. Katika filme baba wa mfalme anakufa kwa bomu huko Vienna, kwa sababu nyingine kabisa, na huyu mwizi anauawa na Killmonger mbele ya filme kufika mwisho. Kuanzia hapo hakuna mgeni anayetaka kitu. Ni ndugu kwa ndugu mpaka mwisho. Mwalimu mmoja alitujibu vizuri, na tunaandika jibu lake kusudi tuwe wa haki: katika filme ni ndugu ya mfalme mwenyewe aliyemfungulia mwizi mlango, na hilo nalo ni kweli, mwizi wa mbali hawezi kitu bila mtu wa ndani. Tunakubali. Sisi tulizaliwa karibu na dhahabu ya Misisi, tunajua kwamba madini yanaweza kutoka katika inchi na wenye inchi wakabaki na mashimo, na tunajua pia kwamba kuna mikono ya kwetu katika kazi ile. Lakini mlango ukifunguliwa, kuna anayeingia. Filme inamwondoa huyu mapema mno.

Na kuna Ross. Katika kitabu alitiwa mwaka 1998, ni mtu wa wizara ya mambo ya inje ya Marekani, mwoga kidogo, wa kuchekesha. Filme imemfanya mtu wa CIA. Tena mtu wa CIA mwema! Anaponywa na Wakanda, kisha anaendesha ndege ya vita akiwa ameketi katika maabara, anawapigania. Badiliko lile halikulazimishwa na kitu chochote, hadithi ingesimama bila hilo. Labda huko Amerika hakuna aliyeshituka. Lakini Kongo ni Kongo. Mwaka 1975 kamati ya Seneti ya Marekani wenyewe iliandika kwamba CIA ilipanga kumuua Patrice Lumumba kwa sumu mwaka 1960. Na hapa kwetu, mwaka 1965, askari wa kukodiwa wa Mike Hoare walipotoka ziwani kuingia Baraka, walisaidiwa na mashua na ndege zilizotoka kwa CIA, zikiongozwa na Wakuba waliokimbia inchi yao. Nyuma ya mwaka mmoja tu Lee na Kirby walichora mfalme wao aliyewaficha wageni madini yake. Mtoto wa Baraka akimwona mtu wa CIA anarusha ndege kuiokoa inchi ya Afrika, na watu katika nyumba ya video wanapiga makofi, ana ruhusa ya kuuliza.

Kwa hiyo hukumu yetu ni hii. Juu ya M'Baku filme imekirekebisha kitabu. Juu ya Killmonger imekiongezea. Juu ya anayetaka madini, wale wazee wawili wa 1966 walisema wazi zaidi kuliko filme ya 2018, hata kama filme ilipata Oskari tatu mwaka 2019. Mtu anaweza kuipenda sana, kama tunavyoipenda sisi, na kumwambia Coogler maneno haya pia.

Wanaotaka kutujibu walete karatasi zao kwa karani wa gazeti mbele ya Ijumaa, kurasa mbili tu, tafadhali, juu ya karatasi za kuchapa ni chache. Waandike kama waliona filme yenyewe ama ile ya mtafsiri. Na kama wanataja kitabu, wataje namba yake na mwaka.