Cheti Kinachovuka Dirisha la Dawa

Maradhi ya muda mrefu, yaani yale ambayo mgonjwa huishi nayo kwa miaka bila kutarajia kupona kabisa, kama vile kisukari, shinikizo la juu la damu, kifafa, selimundu na maambukizi ya virusi vya UKIMWI, hayawezi kudhibitiwa kliniki peke yake, kwa kuwa sehemu kubwa ya maisha ya mgonjwa hupita shambani, jikoni na mbele ya wanaomdai. Hoja ya makala hii ni kwamba wilaya za Mbinga na Nyasa, kusini-magharibi mwa Tanzania, zinahitaji utaratibu wa tabibu kumwandikia mgonjwa msaada wa kijamii pamoja na dawa, na kwamba utaratibu huo utakufa mapema ukiachwa uendeshwe kwa hisani, bila mtumishi anayelipwa kuufanya.

Nchini Uingereza utaratibu huo una historia ndefu kiasi. Kituo cha Bromley by Bow, kilichoanzishwa mwaka 1984 mashariki mwa London, kilikuja kuweka matibabu, ushauri wa madeni, sanaa na bustani mahali pamoja, na mwaka 2019 mfumo wa afya wa taifa uliahidi kuajiri zaidi ya watumishi 1,000 wa kumpokea mgonjwa kutoka kwa daktari, kumsikiliza na kumfikisha kwenye kikundi kinachomfaa. Ushahidi wa manufaa yake bado ni mchache, na ni haki kulisema hilo wazi. Ushahidi ulio imara zaidi, ingawa wa jambo jirani, unatoka Zimbabwe, ambako tangu mwaka 2006 daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda amewafunza akina bibi kukaa na wagonjwa kwenye benchi nje ya kliniki na kuwasaidia kutatua tatizo moja baada ya jingine. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016, ya wagonjwa 573 wa kliniki 24 za Harare, yalionesha kwamba waliohudumiwa na bibi hao walipungukiwa sana na dalili za sonona baada ya miezi sita.

Kwa Tanzania, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta shinikizo la juu la damu kwa takriban mtu mmoja kati ya wanne wenye umri wa miaka 25 hadi 64, na kisukari kwa watu 9 kati ya 100. Katika milima ya Umatengo, wilayani Mbinga, idadi hiyo ina maana ya pekee. Kilimo cha ngolo, yaani mashimo yanayochimbwa kwenye miteremko ili kuzuia mmomonyoko, hugawa kazi kati ya mwanamume anayefyeka na kupanga nyasi kwa miraba na mwanamke anayechimba na kuzifukia kwa udongo; mwanamke mwenye kidonda cha mguu kinachotokana na kisukari hawezi kazi hiyo, na maharage ya Machi hayamsubiri apone. Fedha za kahawa nazo huja kwa msimu, kwa hiyo ugonjwa unapobana miezi ya njaa, kaya huingia kwenye magoma, yaani kuuza kahawa ingali mtini kwa bei ya mkopeshaji. Mgonjwa wa namna hiyo akiambiwa na tabibu apunguze mawazo na ale mboga, ameambiwa ukweli usiomsaidia.

Yapo mengi ya kumwelekeza. Wamatengo walikuwa na sengu, desturi ya ukoo kula pamoja kwa mzee na kujadili mambo ya familia, na miongo miwili hivi iliyopita kijiji cha Kindimba kiliihuisha kwa sura ya kamati ya maendeleo, kikishirikiana na Chuo Kikuu cha Sokoine na watafiti wa Kijapani. Zipo jumuiya ndogondogo za Wakatoliki, vyama vya msingi vya kahawa na vikundi vya hisa, na huko ufukweni mwa Ziwa Nyasa, kuanzia Lituhi hadi Mbamba Bay, zipo ngoma za kioda na mganda, ambazo humtoa mtu ndani na kumchangamsha mwili.

Hata hivyo, kusifu mshikamano wa kijiji bila kuuchunguza ni hatari, kwa sababu vikundi hivyo hivyo ndivyo vinavyompoteza mgonjwa. Kikundi cha hisa kinataka hisa kila wiki, kazi ya kusaidiana inataka nguvu ya kulipa kwa zamu, chama cha kuzikana kinataka mchango, na asiyeweza huacha kuhudhuria kwa aibu kabla hajafukuzwa. Tabibu akimpeleka mgonjwa kwenye kikundi ambacho amekwisha kukiacha kwa kukosa mchango, amemrudisha palepale alipoumizwa.

Kwa sababu hiyo anahitajika mtu wa kati, na nchi haianzi patupu. WAVIU washauri, yaani watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI waliofunzwa kuwasindikiza wenzao, wamefanya kazi hii kwa miaka mingi, wakiwafuata nyumbani walioacha dawa na kuwaunganisha na vikundi; mwenye kisukari au kifafa hajapewa msindikizaji wa aina hiyo. Mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii uliozinduliwa Januari 2024, unaolenga wahudumu 137,294 nchi nzima, unatoa nafasi ya kurekebisha hilo, mradi kazi ya kumuunganisha mgonjwa iandikwe katika majukumu yao na dawa zenyewe zisikosekane zahanati, maana kikundi hakiwezi kushika nafasi ya insulini.

Halmashauri nazo zina la kufanya. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato yao ya ndani hugawanywa asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, na kwa kawaida hutolewa kwa vikundi. Mwanamume wa miaka 55 mwenye shinikizo la damu, aliyekwisha kuuza kahawa yake kwa magoma, hayumo katika fungu lolote kati ya hayo matatu.