Ramani za Kale na Wazee wa Kwihara

Wako wasomi waishikao ramani ya kale mithili ya hati ya kadhi: kilichoandikwa kilikuwapo, kisichoandikwa hakikuwapo. Hoja hiyo ni dhaifu. Ramani ya Erhardt na Rebmann, iliyozusha mabishano Ulaya mwaka 1856, ilitokana na habari walizozisikia pwani kwa wasafiri wa bara, na maziwa yetu makuu matatu yakafanywa ziwa moja. Burton na Speke, waliofika Unyanyembe Novemba 1857, waliandika Kazeh pale ambapo ramani za leo zaonyesha Tabora.

Na Kwihara je? Yatajwa kwa ajili ya tembe alimokaa Livingstone mwaka 1872, akingoja hadi Agosti wapagazi waliotumwa na Stanley kutoka pwani. Mgeni aliyengoja akawekewa alama. Wanyamwezi waliojua kila kituo chenye maji, ambao pasipo maelezo yao mchoraji asingalikuwa na cha kuchora, hawakuwekewa; nasi twaita hiyo elimu ya jiografia!

Basi mwanafunzi aendaye Kwihara na aichukue ramani, lakini aitandaze mbele ya wazee, aulize jina la kila kijito na kila njia, na kuliandika pembeni kwa Kinyamwezi. Ramani na mzee wakihitilafiana, asifanye haraka kumsahihisha mzee.