Haki ya Mpanda Baiskeli Kilimani
Msafiri atokaye Bonde la Ufa kwa baiskeli, akiisha kuikwea miinuko ya Ngong kwa taabu, aghalabu hudhani dhiki yake imekwisha pindi aionapo minara ya Kilimani, Nairobi. Kumbe hapo ndipo hatari huzidi, kwa maana akiingia barabara ya Argwings Kodhek hana budi kugombea shubiri ya lami na matatu, bodaboda na malori ya mchanga yaendayo kwenye maghorofa yasiyokwisha kujengwa.

Katika mashamba ya Uholanzi siku za mwisho za safari kama hiyo huwa za raha, wala raha hiyo haikuteremka mbinguni: mwaka 1971 ajali za barabarani ziliua huko watu zaidi ya 3,000, wakiwamo watoto zaidi ya 400, hata wazazi wakaandamana kwa ghadhabu, na serikali, ikibanwa pia na uhaba wa mafuta wa 1973, ikasalimu amri na kujenga njia za baiskeli.

Sisi barabara yetu ya Argwings Kodhek tumeipa jina la waziri aliyefariki kwa ajali ya gari mwaka 1969, na mpanda baiskeli bado hana sehemu yake. Kaunti ya Nairobi isitoe tena idhini ya ghorofa lolote Kilimani kabla ya kutenga njia ya baiskeli mbele yake.