Vali ya hita, kipande cha waya, na sisi waandishi wa programu

Samahani wasomaji kwa kimya cha wiki mbili. Niliahidi kuendelea na mambo ya hifadhidata, lakini nimekuwa chini ya boneti ya gari, na nilichokikuta huko kinahusu kazi yetu kuliko mnavyodhani.

Nina Toyota Corolla ya 1994, AE100. Tangu niinunue hita haijawahi kutoa joto, nami sikujali. Basi Julai 2024 nikampeleka mama Nakuru alfajiri. Tulipofika Kinale, ukungu nje, pumzi zetu ndani, kioo cha mbele kikawa cheupe kama karatasi. AC ilikufa zamani. Mama akawa anafuta kioo kwa leso huku nikichungulia kupitia kijitundu cha ukubwa wa sahani. Lori lililoharibika kando ya barabara, bila taa, nililiona tukiwa karibu mno. Nilikata usukani tukapona. Mama hakusema neno hadi Naivasha, kisha akaniuliza: "Si wewe ndiye hutengenezea watu kompyuta? Na hii yako je?"

Kwa wasiojua, hita ya gari kama hili haina moto wake. Maji ya moto ya injini hupita kwenye mpira hadi kwa vali iliyo kwenye ukuta kati ya injini na dashibodi, yakaingia kwenye kijirejeta kidogo nyuma ya dashibodi, kisha yakarudi injini. Ukisogeza kitasa cha joto, waya huvuta mkono wa vali ukafunguka. (Magari mengi ya siku hizi hayana vali hii. Maji hupita wakati wote, na kibao ndani ya dashibodi ndicho huchanganya hewa baridi na moto.)

Kupima ni rahisi. Injini ikishapata joto, gusa kwa uangalifu mipira miwili inayoingia ukutani. Yote ikiwa moto, maji yanapita, tafuta kosa kwenye hewa. Mmoja moto na mwingine baridi, vali imefunga au kijirejeta kimeziba. Wangu mmoja ulikuwa baridi. Nikamulika tochi, na hapo ndipo nilipoona: mkono wa vali ulikuwa umefungwa kwa kipande cha waya, ule wa kufungia vyuma vya ujenzi, usiweze kusogea. Waya wake halisi ulikuwa umekatika.

Nikaelewa. Gari lilitoka Mombasa. Waya ulikatika vali ikiwa wazi, abiria wakachomeka kwa joto, na fundi akafunga vali jumla. Mombasa nani anataka hita?

Sasa maoni yangu, na najua wengine mtanipinga. Simlaumu fundi yule kwa kipande cha waya. Mteja alitaka baridi akaipata jioni ileile kwa bei ndogo. Ninachomlaumu ni kimya. Hakuna aliyeniambia, na gari likaja kupanda mahali penye baridi likiwa na siri. Sisi ni mara ngapi tunazima mistari mitatu ya programu ili mteja aache kupiga simu, bila kuandika hata sentensi moja kueleza kwa nini? Mwenzangu kazini alinijibu kwamba maelezo hayo hayasomwi. Labda. Lakini mimi ningeyasoma, tena kabla ya Kinale.

Nilifungua ule waya na mkono ukasogea, ila baada ya dakika chache maji yakaanza kutoka kwenye shina la vali. Miaka mingi bila kusogea, tena kwenye maji matupu ya mfereji, ilikuwa imeoza kwa kutu. Nikanunua nyingine Kirinyaga Road pamoja na waya wake. Nenda na ile ya zamani mkononi, maana zinafanana sana.

Subiri injini ipoe kabisa kabla ya kufungua chochote. Punguza maji kutoka kwa rejeta. Mipira ikigoma kutoka usiivute kwa nguvu, izungushe kwanza, au uikate kwa wembe ununue mipya, kwa sababu vibomba vya kijirejeta ni laini, na ukivipinda utalazimika kubomoa dashibodi nzima. Waya ufungwe kitasa kikiwa kwenye baridi kabisa na vali ikiwa imefunga. Mimi niliufunga kinyume mara ya kwanza! Kisha jaza kulanti, sio maji ya mfereji, na uache injini ingurume hita ikiwa kwenye joto la mwisho ili hewa itoke.

Ilinichukua Jumamosi nzima. Kipande kile cha waya nimekitundika juu ya skrini ofisini, na mwenzangu ameshauliza mara mbili ni cha nini.